Siku Arobaini za Mbuni Dume

Umeshaona jogoo gani analalia mayai?

Swali hilo aliniuliza Baba nikiwa na miaka kumi, tumesimama wawili nje ya uzio wa mbuni. Nilikuwa na macho tu, na macho yangu yalikuwa yameona jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyetaka kulisikia.

Nimelikumbuka juzi kwa sababu ya tangi la maji. Jirani yangu alinunua tangi la plastiki, na kabla halijajazwa watoto wake wakawa wanalipiga kwa ngumi: buu, buu, buuuuu. Ni sauti nene, ya chini, ambayo huisikii masikioni kama unavyoisikia kifuani. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasimama na sahani mkononi, nikanusa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

Salfa haikuwapo. Ilikuwa ile ya utotoni kwetu, nje kidogo ya Naliendele, ambako kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua mashine za kupulizia zilipita shambani zikiacha vumbi la njano juu ya majani, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mchicha wa Mama. Mpaka leo nikiwasha kiberiti narudi pale. Na katika vumbi hilo, mwishoni mwa miaka ya tisini, walitembea ndege wawili warefu kuliko mlango wa nyumba yetu, na yule dume alipojaza shingo pumzi alinguruma kama tangi tupu. Wageni waliolala kwetu waliuliza asubuhi kama simba wamevuka Ruvuma.

Ndege hao hawakuwa wetu. Baba alikuwa mtunzaji wa shamba la Mzee Karimu, mfanyabiashara wa Mikindani ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza vitambaa, misumari na kandili katika duka lile lile tangu enzi za babu yake. Mzee Karimu alikuwa mtu wa mipango. Alishafuga nyuki, wakahama. Alishafuga sungura, wakachimba wakaondoka. Kisha akasikia kuwa huko bara kuna watu wanafuga mbuni na kuuza manyoya, ngozi na mayai, akaagiza vifaranga watatu waje kwa lori. Mmoja alikufa njiani. Waliobaki waliteremshwa kwetu ndani ya tenga, wana madoadoa shingoni na vinyoya vigumu kama brashi ya viatu. Baba alisifika kwa kuku, na Mzee Karimu akamwambia:

"Wewe unajua kuku. Hawa ni kuku tu, ila wakubwa."

Makosa yetu yote yalizaliwa katika maneno hayo.

Kwa mwaka wa kwanza walifanana, rangi ya nyasi kavu. Baba akadhani wote ni majike, akawa anasubiri mayai kwa wote wawili. Mwaka wa pili mmoja akaanza kuwa mweusi, mabawa na mkia vikatoa weupe, na msimu wa maua ulipofika ugoko na mdomo wake vikawa vyekundu kama vimepakwa rangi. Mwingine alibaki na rangi yake ya nyasi. Walikuwa na vidole viwili tu kila mguu, kimoja kikubwa chenye ukucha kama patasi, na teke lao lilikwenda mbele, si nyuma kama la punda. Hilo tulijifunza kupitia mlango wa banda, ambao Baba alilazimika kuutengeneza upya. Walikuwa na kope ndefu ambazo dada zangu walizionea wivu. Walimeza kokoto, vifundo vya kamba, kipande cha sabuni na kufuli dogo la sanduku la Mama, na donge likateremka polepole shingoni mwao, nao bila wasiwasi wowote wakitutazama.

Shuleni mwalimu alitufundisha kuwa mbuni akiogopa hufukia kichwa mchangani. Nilinyoosha mkono nikasema wetu hawafanyi hivyo. Wakiona hatari nao wamekaa chini, hunyoosha shingo ikalala juu ya ardhi, na ukiwa mbali unaona kichuguu tu.

"Labda wenu bado hawajaogopa vya kutosha," mwalimu akasema, na darasa likacheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Bi Kwanini. Sikulichukia jina hilo kama walivyotaka.

Jike alipotaga mara ya kwanza, Baba alifanya kile anachofanya kila mfugaji wa kuku mwenye akili. Jogoo hana kazi kwenye mayai, atayakanyaga. Kwa hiyo kila alasiri alimwondoa dume kwa tawi la miiba, maana mbuni haheshimu fimbo lakini huogopa mwiba usoni, akamfungia katika banda la pili hadi asubuhi. Jike alikaa juu ya mayai mchana kutwa. Jua likielekea kuzama aliinuka, akaenda kudonoa majani, akalala kona ya mbali. Mayai yalibaki peke yake kwenye shimo la mchanga, yakapoa. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, na tulipovunja moja kijiji kizima kilijua kuwa tumelivunja.

"Jike hana huruma ya uzazi," Baba alimwambia Mzee Karimu. Mzee Karimu akaitikia kwa kichwa. Kila mtu aliitikia. Jike yule akawa mfano wa mama mbaya, na wanawake waliokuja kuchota maji walimtazama kwa jicho la pembeni.

Mwaka uliofuata akataga tena, mayai kumi na moja. Lakini msimu ule Baba na vibarua walishikwa na kazi ya salfa, na kazi ya kumwondoa dume kila alasiri nikapewa mimi. Nilikabidhiwa tawi la miiba kama askari anavyokabidhiwa bunduki.

Siku ya tano hivi nilichelewa kutoka chuoni, kwa Maalim Hashimu, ambako tulisoma Kurani barazani kwake. Nilipofika nikaona jambo. Jike aliinuka juu ya mayai kwa utulivu. Dume alikuwa amesimama karibu, anangoja. Wakapishana bila kugombana, kama walinzi wanaobadilishana zamu langoni. Dume akainamisha kichwa, akayageuza mayai moja moja kwa mdomo, polepole, kisha akakunja miguu yake mirefu, akakaa. Mabawa yakafunika kila kitu. Alipolaza shingo, weusi wake ukaanza kupotea ndani ya kivuli.

Nililishika tawi la miiba, nikaliangalia, nikalilaza chini.

Kesho yake nikafanya hivyo hivyo, na kesho kutwa. Asubuhi nilikimbia kabla ya shule nikamkuta dume bado yupo, na jike anakuja kumpokea. Sikumwambia mtu. Siku ya nne Baba alinifuata nyuma.

"Mbona hujamtoa?"

"Baba, yeye ndiye anayelala juu ya mayai. Jike anakaa mchana, dume anakaa usiku. Mwaka jana tulimwonea jike bure."

Hapo ndipo aliponiuliza nimeshaona jogoo gani analalia mayai. Baba hakuwa mkali. Alikuwa mtu mwenye woga wa haki kabisa. Alikuwa ameshamwambia tajiri wake kwamba kosa ni la jike. Sasa binti yake wa miaka kumi anasema kosa lilikuwa la nani?

Kabla hajaamua, Mzee Karimu mwenyewe akaja na pikapu yake. Ilikuwa alasiri. Akamkuta dume amekaa juu ya mayai, macho nusu wazi, hajali mtu.

"Huyu ana nini?"

"Amekuwa hivyo, tajiri," Baba akasema.

"Anaumwa?"

"Analalia mayai," nikasema mimi. Mama, aliyekuwa nyuma yangu, alinifinya mgongoni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mzee Karimu alicheka mpaka akashika uzio. "Dume limegeuka mama! Basi huyu hana faida tena. Binti yangu anaolewa Jumapili. Keshokutwa tumchinje kabla hajakonda. Watu wa Mikindani watakula nyama ambayo hata harusi za Dar hazijaiona."

Baba akaitikia. Akatafutwa Maalim Hashimu aje achinje, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akichinja ng'ombe wa sikukuu na alikuwa na kisu kirefu kuliko wote.

Nataka mnielewe vizuri. Sikuwa mtoto wa kulilia wanyama. Nilishachuna kuku wengi na kuwafurahia na mchuzi wa nazi. Kilichoniuma ni kwamba dume yule angekufa kwa kosa la kufanya kazi yake, mayai yangepoa kwa mara ya pili, jike angesingiziwa tena, na mimi ningebaki kuwa mtoto aliyesema uongo. Nilijua nimeona nilichoona. Nilihitaji muda tu, na sikujua kiasi gani, maana hakuna mtu kati yetu aliyejua mayai ya mbuni huchukua siku ngapi.

Nililala nikitafuta la kufanya. Kuomba nisingesikilizwa. Kumfungulia dume akimbie ningemfukuzisha Baba kazi. Asubuhi, nikiwa nafagia uwanja, nikawaona kuku watatu wa Mama wamefungiwa chini ya tenga, wanakula mtama. Walikuwa wanaandaliwa kwa ajili ya wageni. Na mimi nikaacha kufagia.

Labda kwenu pia hufanywa hivyo. Kuku anayezurura na kula uchafu, nyama yake ni makuruhu, haipendezi kuliwa, kwa hiyo kabla ya kumchinja unamfungia siku tatu umlishe chakula safi mpaka matumbo yatakate. Kila nyumba kwetu ilifanya hivyo. Na mwezi mmoja nyuma Maalim alikuwa ametusomesha somo hilo hilo, akataja na wanyama wengine: kuku siku tatu, mbuzi zaidi kidogo, ng'ombe zaidi, na ngamia siku arobaini. Tulicheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ngamia Mtwara, akalishwe wapi siku arobaini.

Siku ya kuchinja walikuja wanaume kama kumi. Walikuwa na kamba, gunia la kumfunika mbuni macho, na maneno mengi.

"Maalim, umekuja na ngazi?" mmoja akauliza. "Shingo ile utaifikia wapi?"

"Atachinjia chini. Juu atakula Mzee Karimu mwenyewe."

"Teke likikupata, Maalim, tutaunganisha harusi na mazishi."

Maalim Hashimu hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba, bado kijana, mwenye ndevu chache alizozitunza kama mche wa mkorosho. Alisimama nje ya uzio akimtazama dume, ambaye muda wake ulikuwa umefika na alikuwa ameshakaa juu ya mayai. Jike alikuwa mbali, anadonoa.

Nilipita katikati ya miguu ya watu mpaka mbele.

"Shikamoo Maalim. Huyu anakula uchafu."

Baba akasema, "Zuhura, rudi nyumbani."

"Anakula kwenye shimo la taka. Kila mtu amemwona. Anakula mavi ya kuku na matumbo ya samaki. Juzi amekula kitambaa cha kufutia chungu."

Wanaume wakatazamana. Ilikuwa kweli; mchana dume aliachiwa azurure shambani, na shimo la taka lilikuwa mahali pake pa kwanza.

"Ni kweli anakula?" Maalim akamwuliza Baba.

Baba alikuwa na njia rahisi ya kusema hapana. Alikohoa. "Anakula, Maalim."

"Basi hafai leo. Afungiwe kwanza."

Mzee Karimu akahesabu kwa vidole. "Siku tatu. Leo Alhamisi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili asubuhi. Sawa, tunawahi!" Akafurahi. Watu wakaanza kukunja kamba.

Nikasema kwa sauti ambayo ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka:

"Siku tatu ni za kuku. Maalim, huyu ni kuku au ni ngamia?"

Walicheka wote. Mmoja alikaa chini kabisa. Lakini kicheko kiliisha, na swali likawa bado lipo. Mwingine akasema, mtazameni shingo. Mwingine akasema vidole vyake viwili ni kama kwato. Mwingine akataja kope. Mmoja akapinga: ngamia gani anataga? Naye akajibiwa: na kuku gani ana mapaja kama ya ndama? Wakaanza kubishana kweli kweli, kama wanavyobishana watu wa mpira, na Mzee Karimu akizunguka katikati yao akisema, "Ndege ni ndege! Jamani, ndege ni ndege!"

Maalim hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameegemea uzio, anamtazama dume. Dume akainamisha kichwa, akaligeuza yai moja, akalisogeza chini ya kifua, akatulia. Maalim akawageukia watu.

"Arobaini," akasema.

"Arobaini nini?" Mzee Karimu akauliza.

"Siku. Afungiwe hapo hapo alipo, asitoke. Apewe chakula safi."

"Maalim! Harusi ni Jumapili!"

"Mzee, wageni wako utawalisha cha makuruhu mbele ya mkwe? Kutahadhari hakumdhuru mtu."

Mzee Karimu aliondoka na pikapu kwa hasira. Watu wa Mikindani walikula mbuzi.

Baba hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alinipa jembe na kuniambia kwamba kama dume anatakiwa kula safi, basi mwenye maneno ndiye atakayemlisha. Nikamlisha. Nilikata mchicha, nilitwanga muhogo mkavu, nilibeba maji ndoo mbili kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni nilichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa banda, nikihesabu tangu Alhamisi ile. Nilifukuza kenge waliokuja kunusa, na siku moja kenge mmoja mkubwa alimkuta dume kwenye zamu. Sikuhitaji kufanya lolote, nilimwona tu kenge akiruka juu ya uzio bila kupenda. Shuleni walikuja kuniuliza kila siku, "Bi Kwanini, ngamia wako ametaga?" Nilijibu, bado. Kila siku nilijibu bado. Kuna usiku niliwaza kwamba pengine nimekosea, kwamba mayai yameshaoza na dume ni mwendawazimu kweli, lakini asubuhi nilibeba ndoo.

Maalim alipita mara kwa mara kuhakikisha kuwa dume hatolewi. Alisimama nje ya uzio, akaangalia, akaenda zake.

Mistari ya mkaa ilipofika thelathini na sita, nilisikia mluzi. Nilidhani ni mtoto wa jirani. Ulikuwa unatoka ndani ya yai. Dume alikuwa ameinua kifua kidogo, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nilimkimbilia Baba, akaja na salfa bado kwenye nyusi, akapiga magoti kwenye mchanga. Tulikaa pale mpaka yai la kwanza likapasuka kwa teke la ndani, si kwa mdomo kama la kuku, na kichwa chenye madoadoa kikatoka kikiwa kimekunja uso.

Walitoka saba. Manne hayakutoka.

Baba alinyanyuka, akaliokota lile tawi la miiba pale nilipoliacha siku ile, akaenda nalo jikoni, akalisukuma chini ya chungu.

Mzee Karimu alifika siku ya arobaini, bila kamba. Mchana ulikuwa mkali, na dume alikuwa amesimama katikati ya uwanja ametandaza mabawa yake yasiyoruka, vifaranga wote saba wamejipanga chini ya kivuli chake. Mzee Karimu aliwahesabu mara mbili. Kisha akamwuliza Baba kama mtama upo wa kutosha. Miaka iliyofuata, mtu akinunua misumari dukani kwake, alielezwa kwamba mbuni dume hulalia mayai usiku kwa sababu ni mweusi na haonekani, na jike mchana kwa sababu anafanana na nyasi, jambo ambalo yeye Karimu alilijua tangu mwanzo.

Mimi nililithibitisha vitabuni nilipofika chuo kikuu Morogoro, na nikaona pia kwamba mayai hukaa kama wiki sita. Nilifurahi kwa kiasi. Kitu kilichokuwa bado kinanisumbua hakikuwa cha mbuni. Mtu aliyesoma miaka mingi kama Maalim, alishindwaje kutofautisha ndege na ngamia? Nilijipa majibu. Kwamba hakujua. Kwamba aliogopa lile teke, na arobaini ilimnunulia muda kama ilivyoninunulia mimi. Jibu hili la pili nililipenda, nikalihadithia marafiki.

Mwaka niliohitimu nilikwenda kumsalimia. Ndevu zilikuwa zimeongezeka na kubadilika rangi, na barazani kulikuwa na watoto wa watoto niliosoma nao. Tulipokwisha kunywa chai nikamwuliza zile siku arobaini alizitoa kitabu gani.

Akacheka taratibu, akaangalia watoto kama wanasikia.

"Nilikuwa nimekaa wiki nzima napita pale kwenu alasiri," akasema, "naangalia dume anapokea zamu. Kabla hujaniuliza wewe kitu chochote. Na mimi nilitaka kujua itaishaje."

"Lakini hukumu yenyewe, Maalim?"

"Hukumu haikuwa na utata, mwanangu. Kila chenye mabawa ni siku tatu."